Kuijua koili yako: mwongozo wa kutafuta masalia ya vita kwa ditekta kwenye udongo mwekundu

Mjomba wangu yuko machimboni Geita. Juzi alinipigia simu, na baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka: "Mjomba, nitafutie huko koili kubwa kuliko zote ya ditekta yangu. Dhahabu ya juu tumeimaliza, sasa tunaitaka ya chini." Ditekta ni mashine ya kutafutia metali ardhini, na koili ni ile sahani ya chini unayoipitisha juu ya udongo. Tuliongea karibu saa nzima. Haya ndiyo niliyomweleza, nikayapanga na kuongeza yale ambayo salio la simu halikuruhusu.

Mimi mwenyewe sitafuti dhahabu. Naishi Virginia, Marekani, na Jumamosi za majira ya baridi huwa niko mashambani katika wilaya ya Culpeper nikitafuta masalia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865: risasi, vifungo vya sare, bizimu za mikanda. Lakini tatizo langu na la mjomba ni moja. Udongo wa Culpeper ni mwekundu na umejaa chuma, kiasi kwamba ditekta inausikia udongo wenyewe kabla haijasikia kitu kilichomo. Kwenye udongo wa namna hiyo, koili kubwa siyo jibu la kina. Mara nyingi ndiyo inayokupotezea kina.

Kwanza, ardhi na ruhusa

Culpeper iko kati ya mito miwili, Rappahannock na Rapidan, na majeshi yote mawili, la Kaskazini na la Kusini, yalipita hapo tena na tena. Tarehe 9 Juni 1863 wapanda farasi walipigana Brandy Station, pambano kubwa kuliko yote ya wapanda farasi katika vita vile. Kisha majira ya baridi ya 1863 kuingia 1864, Jeshi la Potomac la upande wa Kaskazini, watu wapatao laki moja, lilipiga kambi katika wilaya hiyo. Askari walikata misitu, wakajenga vibanda vya magogo vyenye mabomba ya moshi ya mawe na udongo, wakakaa miezi. Mwanzoni mwa Mei 1864 waliondoka kuvuka Rapidan. Watu wengi hivyo hawaishi mahali miezi bila kudondosha vitu.

Hata hivyo hakuna hatua moja unayopiga bila ruhusa. Ardhi ya hifadhi za taifa, ikiwemo viwanja vya vita vinavyotunzwa na serikali, hairuhusiwi hata kubeba ditekta iliyo tayari kufanya kazi, sembuse kuchimba. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1979 ya kulinda mali za kale ina faini na kifungo. Kwa hiyo sisi tunabaki kwenye mashamba ya watu binafsi, na ruhusa naitaka kwa maandishi: tarehe, sehemu ya shamba, nani anabaki na nini. Namwendea mwenye shamba mchana, bila ditekta mkononi, namsalimia, namweleza. Akikataa, nashukuru na kuondoka.

Kwa msomaji aliye nyumbani niseme wazi. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Huwezi kujichimbia vitu vya kale kwa utashi wako hata kama shamba ni la babu yako. Najua habari za rupia za Mjerumani na hazina zinazosemwa zimefukiwa chini ya maboma, nimezisikia tangu utotoni. Watu wamebomoa kuta za kihistoria wakizitafuta, na ukuta ukishabomolewa haurudi. Ujuzi wa koili utakufaa kwenye leseni yako ya madini, au ukifanya kazi na wataalamu wa mambo ya kale. Usiutumie gofuni.

Koili inafanya nini hasa

Koili ni nyaya za shaba zilizozungushwa ndani ya sahani ya plastiki. Seti moja ya nyaya inarusha uga wa sumaku kwenda ardhini. Uga huo ukikuta metali, unazalisha mikondo midogo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo nayo inazalisha uga wake dhaifu unaorudi juu. Seti ya pili ya nyaya inausikia. Ditekta inapima nguvu ya kilichorudi na jinsi kilivyochelewa, na kwa kuchelewa huko ndipo inapokadiria kama ni msumari, risasi au madini ya fedha.

Sasa hesabu inayowakwaza wengi. Ukishavuka kina kinacholingana na upana wa koili, uga unapungua haraka sana. Kitu kikiwa mbali mara mbili, uga unaokifikia unakaribia kubaki sehemu moja ya nane, na unaporudi unapungua tena hivyo hivyo. Nane mara nane ni 64. Kwa koili ndogo, risasi iliyoko inchi 12 inakurudishia sehemu inayoelekea moja ya 64 ya ile ingekurudishia ikiwa inchi 6. Ndiyo maana hakuna mashine inayoona mita mbili kwenye kitu cha ukubwa wa kifungo, na anayekuambia anayo anataka pesa yako.

Koili pana inasukuma uga wake chini zaidi, hilo ni kweli. Lakini inatazama udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja, na udongo ule una chuma. Kelele za udongo zinapanda, unalazimika kushusha usikivu wa mashine ili itulie, na ile faida ya kina uliyoilipia inaondoka na usikivu ulioushusha. Kwenye mchanga mwepesi wa pwani hesabu ni nyingine. Huko koili kubwa inastahili sifa zake.

Aina za koili utakazokutana nazo

Ya kwanza ni ya duara ndani ya duara. Nyaya za kurusha ziko nje, za kusikiliza ziko ndani. Uga wake umekaa kama faneli, mpana juu na mwembamba chini. Ni tamu kwa kuonyesha kitu kilipo hasa, na inatenganisha vizuri chuma na metali nyingine mahali udongo ni mpole. Ukiiweka Culpeper inapiga kelele kila hatua, maana faneli yote imejaa udongo mwekundu.

Ya pili ni ya D mbili. Ndani yake nyaya mbili zina umbo la herufi D, zimepeana migongo na migongo hiyo imepandana katikati. Panapopandana ndipo penye usikivu, ukanda mwembamba unaotoka mbele ya koili hadi nyuma, kama ubapa wa panga uliosimamishwa ardhini. Kwa kuwa ukanda ni mwembamba, udongo unaotazamwa ni mchache, na mashine inatulia. Kwa udongo mwekundu anza na hii.

Ya tatu ni ya mzingo mmoja, inayotumika kwenye ditekta za mapigo. Nyaya zile zile zinarusha pigo fupi la umeme, zinanyamaza, kisha zinasikiliza. Udongo wenye chuma unazisumbua kidogo sana, na kwa kina kwenye ardhi kama ya Culpeper hakuna kinachozifikia. Ubaya wake ni kwamba nyingi hazichuji chuma ipasavyo. Utachimba kila msumari, kila kipande cha seng'enge, na jioni mgongo utakwambia.

Kuhusu ukubwa, ningeshauri mbili tu: ya katikati ya inchi 9 hadi 11, na ndogo ya inchi 5 au 6. Ya inchi 13 na kuendelea ni ya malisho mapana yasiyo na takataka, pale unapotafuta kujua tu kama kambi ilikuwepo. Inachosha bega, na inashika kirahisi mwingiliano wa nyaya za umeme. Kabla ya kununua hakikisha koili imetengenezwa kwa ajili ya modeli ya ditekta yako, kwa sababu plagi kuingia siyo ushahidi kwamba zinaelewana.

Majaribio nyumbani

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako. Wikendi mbili za majaribio zitakufaa kuliko koili mpya. Tafuta daftari, rula na vitu vinne: msumari wa zamani wenye kutu, risasi, kifungo cha shaba, na sarafu.

Anza na hewa. Laza ditekta kwenye meza ya mbao, mbali na friji na simu, usikivu uuweke katikati. Pitisha risasi mbele ya koili, ukisogea mbali kidogo kidogo mpaka mlio upotee. Andika umbali. Rudia kwa kila kitu na kila koili. Namba hizi hazikuambii kina cha ardhini, ila zinakuonyesha jinsi koili zako zinavyotofautiana. Utaona kwa mfano kwamba koili kubwa inaipita ndogo kwa risasi nzima, lakini kwa kitu kidogo kama kishikizo cha shati tofauti inapungua au hata kugeuka.

Kisha ardhi. Wengi wanachimba shimo, wanafukia sarafu, wanapima. Tatizo ni kwamba udongo uliochimbuliwa jana haufanani na uliotulia tangu vita. Njia bora niliyofundishwa na mzee mmoja wa huku ni ya bomba. Chukua bomba la plastiki la maji lenye upana wa inchi moja na nusu hivi. Toboa ardhi isiyoguswa kwa mshazari, ukitumia fimbo ya chuma au kekee ndefu ya mkono, kisha chomeka bomba hadi inchi 14 za kina wima. Tengeneza kijiti cha mianzi kinachoingia humo, funga risasi kwenye ncha kwa gundi ya karatasi, na kwenye kijiti chora alama za kina kila inchi mbili. Usitumie waya wala msumari popote. Sasa unaweza kushusha na kupandisha risasi chini ya udongo uliotulia bila kuchimba tena.

Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza kwa koili ya inchi 11, risasi iliyokuwa ikisikika hewani zaidi ya futi moja ilipotea kati ya inchi ya saba na ya nane. Nikaweka ya inchi 13 nikitarajia makubwa. Ilibidi nishushe usikivu hadi karibu nusu ili inyamaze, na risasi ikapotea pale pale. Siku hiyo niliacha kuamini matangazo. Na angalia jambo jingine: kabla haijapotea kabisa, namba ya kwenye skrini ilikuwa imeshageuka. Kuanzia inchi ya sita ditekta ilikuwa ikiiita risasi chuma. Kwa hiyo ukichuja chuma chote kwenye udongo mwekundu, unachuja na risasi za chini. Andika ni kina gani koili yako inaanza kusema uongo, maana namba hiyo ina faida shambani kuliko kina cha mwisho.

Jaribio la tatu ni la msongamano. Chukua ubao, laza misumari minne, na katikati yao weka kifungo. Pitisha koili kwa urefu wa inchi mbili kutoka upande mmoja, kisha zungukia upande wa pili. Hesabu ni mara ngapi kati ya kumi kifungo kimesikika. Hapa koili ndogo itaiaibisha kubwa, kwa sababu kubwa inafunika misumari na kifungo kwa pamoja na chuma kinameza kila kitu. Jaribu pia kasi ya mkono: pole, ya kawaida, haraka. Kila mashine ina kasi yake.

Shambani

Ukifika, washa ditekta koili ikiwa imeinuliwa hewani. Ikipiga kelele hapo, ni mwingiliano wa umeme au simu yako. Badili masafa kama mashine inaruhusu, au shusha usikivu. Kagua waya wa koili umezungushwa vizuri kwenye fimbo na hauchezi. Kama koili ina kifuniko cha chini, kivue mara kwa mara na kukisafisha, kwa sababu udongo mwekundu uliojikusanya humo unatoa milio ya uongo.

Kisha isawazishe na udongo. Tafuta kipande kisicho na metali, pandisha na kushusha koili kutoka magotini hadi karibu kabisa na ardhi, huku mashine ikijirekebisha mpaka mlio usibadilike ukipanda au kushuka. Fanya hivi tena kila baada ya hatua hamsini hivi, na kila ukivuka kutoka malishoni kuingia palipolimwa. Sumaku ndogo kwenye kamba nayo ni kipimo kizuri: iburute kwenye udongo mkavu, uone inavyotoka na ndevu za chembe za chuma. Zikiwa nyingi, chukua koili ndogo.

Panga mistari kwa kamba au vijiti, usitembee ovyo. Koili iwe sambamba na ardhi mwanzo hadi mwisho wa mpigo. Wengi wanaiinua pembeni kama wanafagia uwanja, na kila inchi unayoinua umeitoa kwenye kina. Kila mpigo upandane na uliopita kwa nusu, kwa sababu ule ubapa wa D mbili unapungua kadiri unavyoshuka. Vaa spika za masikioni. Milio ya chini haisikiki kwa upepo.

Ukipata mlio, zunguka robo ya duara uusikilize upande mwingine. Risasi ya mviringo inalia karibu vile vile pande zote. Msumari uliolala hubadilika: upande mmoja unalia juu, upande mwingine unakoroma. Siyo kanuni ya kila mara, bapa la chuma lenye tundu limewahi kunidanganya na litakudanganya na wewe.

Nikueleze siku moja. Kuna mteremko unaotazama kusini ambao nilikuwa nimeupita wikendi tatu kwa koili ya inchi 11. Mawe yaliyoungua, makaa, misumari mingi. Ni wazi kibanda kilikuwepo. Nilikuwa nimepata risasi nne nikadhani nimeshaumaliza. Nikarudi na koili ya inchi 5, nikapiga magoti, nikawa natembeza mkono pole pole. Katikati ya mikoromo ya misumari miwili ukatoka mlio mmoja mfupi na wa juu, kama kijiko kimegusa glasi. Nikapita tena, kimya. Nikageuka upande, ukarudi. Inchi tano chini donge la udongo lilipasuka na ndani yake kikaonekana kifungo cha koti: tai aliyefungua mbawa, ngao kifuani, na ndani ya ngao herufi I ya askari wa miguu. Dhahabu ya kupaka ilikuwa bado imebaki kwenye mifereji ya manyoya. Kwenye kikonyo kilichopinda palikuwa na kipande cha uzi, kirefu kama punje ya mchele, ambacho kutu ya shaba ilikihifadhi. Mtu fulani alikishona kifungo hicho kwa mkono wake. Niliketi nacho kwa muda kabla ya kuendelea.

Kubaini mahali na kuchimba

Kwa koili ya D mbili usihangaike na katikati. Piga mipigo mifupi huku ukiivuta koili nyuma kuelekea miguuni. Mlio ukikatika ghafla, kitu kiko chini ya ncha ya mbele ya koili. Weka alama, kata majani pande tatu kama mlango, geuza, chimba pembeni ya alama na siyo juu yake. Beleshi limeharibu vifungo vingi kuliko kutu. Kifaa kidogo cha mkononi cha kubainishia kitakusaidia ndani ya shimo. Ukishatoa kitu pitisha koili tena, kwa sababu mara nyingi kuna cha pili. Kisha rudisha udongo wote na ukanyage. Ng'ombe akivunjika mguu kwenye shimo lako, wote tumekosa ruhusa.

Risasi utakazopata zaidi ni zile za Minié, aliyekuwa afisa wa Ufaransa: ncha kali, kitako chenye shimo, na kwa ile ya Marekani mifereji mitatu ubavuni, upana wa inchi 0.58, uzito wa gramu 32 hivi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa kitu na kwa madini yake, na hapa linakaa sawasawa, maana risasi hizi ni risasi tupu. Zinatoka ardhini na ukoga mweupe. Usiusugue, huo ndio unaoilinda. Na nawa mikono kabla ya kula, risasi ni sumu.

Ukiona duara la chuma lenye ukubwa wa chungwa au zaidi, au kitu chenye umbo la kombora, acha. Usikiinue, usikigonge, usikipeleke nyumbani. Baruti nyeusi ikifungiwa ndani haizeeki kwa kukufaa wewe. Mwaka 2008 hapa hapa Virginia mkusanyaji mwenye uzoefu mkubwa aliuawa na kombora la vita hivyo alipokuwa akilisafisha. Weka alama, rudi nyuma, piga simu polisi. Na ukikuta mifupa inayoweza kuwa ya binadamu, simamisha kila kitu na uwaite wahusika.

Daftari

Kila kitu ninachotoa kina mstari wake: mahali kwa namba za ramani ya simu, kina, koili, usikivu, ditekta ilisema ni nini na kikatoka nini. Risasi sita zilizotawanyika ni vyuma vya kuweka kwenye kopo. Risasi sita zilizochorwa kwenye ramani zinaonyesha mahali askari walisimama na walielekea wapi. Nakala ya ramani nampa mwenye shamba. Na baada ya msimu mmoja daftari hilo hilo linakuambia koili ipi inafanya kazi kwenye shamba lipi, kwa uhakika ambao muuzaji hawezi kukupa.

Mjomba nilimtumia koili mbili zinazolingana na modeli ya mashine yake, ya inchi 5 na ya inchi 10, zote za D mbili. Hakufurahi alipofungua boksi, na alisema. Nikamwomba asianze kazi kabla ya kuchomeka bomba. Wiki iliyofuata akanitumia picha: bomba jeupe limelala mshazari kwenye udongo mwekundu wa Geita, na pembeni yake kijiti cha mianzi chenye alama kila inchi mbili, ncha yake ikiwa na kipande cha risasi kidogo kuliko harage.